Jibu: Mshahara mzuri lakini kazi ya benki imenichosha, niache?

Ndugu yangu, unasema mshahara unakutosha ila kila ukikaa kaunta moyo unakuwa mzito, na unauliza kama uachane na benki. Kabla hujaandika barua, jiulize: umeichoka benki, au umelichoka dawati ulilopo?

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Waliona kwamba mshahara, sera za ofisi na usimamizi vikiwa vibaya humkera mtu, lakini vikiwa vizuri havitoshi kumpa raha ya kazi. Raha hutoka kwenye kazi yenyewe: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana.

Sasa itazame kaunta. Utaratibu ni uleule, jioni hesabu lazima ifunge, na fedha ikipungua unaulizwa wewe. Nafasi ya kuamua jambo ni ndogo mno. Ofisa mikopo huchambua biashara ya mteja na kuona inavyokua, ingawa malengo na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, humnyima usingizi. Ukaguzi wa ndani unamfaa anayependa kuchimba nyaraka.

Omba kwanza uhamisho wa ndani, hata wa muda. Lakini kama kinachokuumiza ni shinikizo la kumuuzia mteja huduma asiyoihitaji, huko kuhama dawati hakutakusaidia. Mimi ningeanza kutafuta kwingine huku mshahara ukiendelea kuingia. Kwako hasa ni kipi kati ya hivyo?