Bili apewe nani? Jibu la mtu aliyehudumu mezani Dar es Salaam na Riyadh

Dada mmoja ameeleza kwamba alimwalika mteja wake wa kiume chakula cha mchana, akaagiza yeye, akaomba bili yeye, na mhudumu akaiweka mbele ya mgeni. Ameuliza kama huo bado ni utaratibu unaofundishwa na kama ana haki ya kukasirika. Nimefanya kazi ya uhudumu Dar es Salaam na baadaye Riyadh, kwa hiyo nitajibu kwa niliyofundishwa na niliyoyaona. Haki anayo.

Kanuni tulizofundishwa hotelini zilitoka Ulaya. Mwanamke avutiwe kiti, apewe menyu kwanza na apakuliwe kwanza, lakini mvinyo aonjeshwe mwanamume na bili ipelekwe kwake. Ukizitazama kwa pamoja utaona kwamba zote zinasimama juu ya dhana moja, kwamba mwanamke siku zote ni mgeni na mwanamume ndiye mwenyeji. Huko zilikotoka ziliwahi kwenda mbali zaidi, kwani baadhi ya migahawa ya kifahari ilikuwa na menyu za aina mbili, na ile ya mwanamke haikuandikwa bei. Mwaka 1980 mfanyabiashara mmoja wa kike alimwalika mshirika wake wa kazi katika mgahawa wa L'Orangerie, Los Angeles, akapewa menyu ya namna hiyo. Waliondoka bila kula, wakafungua kesi kupitia wakili Gloria Allred, na mgahawa ukaiacha desturi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2019 mgahawa wa La Rosa Náutica wa Lima ulitozwa faini ya soli 210,000 na mamlaka ya Peru inayolinda watumiaji, kwa jambo lile lile.

Kwetu kanuni hizo zilikuta desturi nyingine ambazo nazo zina mpangilio wake. Katika familia nyingi za pwani wanaume wana sinia lao na wanawake lao, na anayetangulizwa ni mkubwa kwa umri. Nilishuhudia mara nyingi bibi akiisukuma sahani aliyotangulizwa imwendee mumewe, akiona haya kula kabla yake. Msimamizi wetu, mtu wa Tanga, alituelekeza kwamba penye wazee tuanze na mzee kuliko wote, awe mke au mume, na mimi naona aliamua vyema kuliko kitabu tulichofundishiwa.

Riyadh ndiko nilikoona mabadiliko kwa macho yangu. Mgahawa wetu ulikuwa na milango miwili, mmoja wa familia na mwingine wa wanaume waliokuja bila familia. Upande wa familia kulikuwa na vyumba vidogo vyenye mapazia, na mhudumu alitakiwa kubisha hodi na kungoja, ili mwanamke aliyefunua uso apate kujisitiri kabla pazia halijasogezwa. Desemba 2019 serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba milango miwili si lazima tena, ikawa hiari ya mwenye mgahawa. Wetu ulifunga mlango mmoja, lakini mapazia yalibaki kwa sababu zilikuwapo familia zilizoyapenda, na hodi tuliendelea kuibisha. Wanawake wakazidi kuja makundi kwa makundi, wakiagiza na kulipa kwa kadi zao, nasi tukaelekezwa kumpa bili yule aliyeiomba. Sikuona mtu aliyevunjiwa heshima kwa sababu hiyo.

Nyumbani jambo hili limesukumwa zaidi na simu. Kabla malipo ya simu hayajaenea, nilikuwa nikimwona mwanamke akimpenyezea mwenzake noti chini ya meza ili mwanamume ndiye aonekane analipa. Siku hizi mwenye kulipa huomba lipa namba, akabonyeza simu yake palepale alipokaa, na hakuna anayekodoa macho kutazama fedha zimetoka mkono wa nani. Kilichobaki nyuma ni mazoea yetu wahudumu. Hata kumkaribisha mwanamke kwa kumwita “shemeji”, kwa kuwa tu amefuatana na mwanamume, ni kumpangia uhusiano ambao hujaambiwa. Dada, au mama kwa mwenye umri, linatosha na lina adabu kamili.

Kwa hiyo dada, ukialika watu wa kazi, fika mapema kidogo, umwambie msimamizi wa zamu kwamba meza ni yako na bili ni yako. Mhudumu aliyefunzwa atakuuliza wewe kama wageni waanze kupakuliwa, na mvinyo, ukiwapo, atakuonjesha wewe. Asipojua aliyealika ni nani, aiweke bili katikati ya meza na aondoke, awaachie wenyewe waichukue.