Mvinyo wa California bila kulipia jina la Napa
Ndugu, umeuliza utapataje mvinyo mzuri wa watengenezaji wadogo wa California bila kumaliza mshahara. Napa, bonde la California lenye jina kubwa la mvinyo, iache kwanza. Ardhi ya pale ni ghali mno na gharama hiyo unailipa wewe kwenye chupa. Tafuta Zinfandel (mvinyo wa zabibu nyeusi za jina hilo) ya Lodi, eneo jingine la California. Kule kuna mizabibu yenye zaidi ya miaka 100, mashina manene yamejipinda, inazaa kidogo lakini zabibu zimekolea ladha. Au Barbera, mvinyo mwekundu wa aina nyingine ya zabibu, kutoka Amador, pia California; naipenda mno na nyama choma! Halafu geuza chupa usome: “produced and bottled by” maana yake aliyetajwa hapo ndiye aliyechachusha angalau asilimia 75 ya mvinyo huo. Ikiwa ni “cellared and bottled by”, huenda aliununua ukiwa tayari.