Kura Chache, Viti Vingi: Maswali Yenu Kuhusu Uchaguzi wa Uingereza

Sanduku la maswali safari hii limejaa siasa za Uingereza tupu, hata wale waliozoea kuuliza mambo ya viza na kodi ya nyumba nao wameingia. Haya, twende.

Nielimishe ndugu mwandishi, kila Jumapili nabishana na shemeji yangu. Yeye anasema 2024 chama cha Labour cha Keir Starmer kilishinda kwa kishindo maana nchi nzima iliwahamia. Mimi namwambia Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour kabla yake, alipata kura nyingi kuliko huyo na bado akapigwa. Nani mkweli? – Msomaji, Leicester

Wote wawili kwa sehemu, ila sababu anayotoa shemeji siyo, ndo maana ubishi wenu hauishi.

Angalia hesabu. 2017 Corbyn alipata karibu milioni 12.9, hakushinda. 2019 akapata kama milioni 10.3 akagaragazwa vibaya, viti 202 tu. Afu 2024 Starmer anakuja na milioni 9.7, pungufu ya zote mbili, anaondoka na viti 411 kati ya 650. Ni asilimia 33.7 ya kura, na viti zaidi ya asilimia 60. Sasa hizo kura zilizaana vipi?

Hazikuzaana, ni wapinzani ndo waligawanyika. Kule kila jimbo lina mbio zake peke yake, anayeongoza hata kwa kura moja kabeba, wa pili hapati hata asante, na hakuna cha kufikisha nusu wala duru ya pili. Conservative, chama kilichokuwa madarakani, 2019 walikuwa na karibu milioni 14, 2024 wakabaki na milioni 6.8, na wengi waliowakimbia hawakwenda Labour, walikwenda chama cha Reform cha Nigel Farage, au chama cha Liberal Democrats, au walikaa tu nyumbani. Cheki South West Norfolk, jimbo la Liz Truss wa Conservative, aliyekuwa waziri mkuu 2022. 2019 alimwacha mpinzani wake kwa kura zaidi ya 26,000, we fikiria, 2024 kaangushwa kwa kura 630 na mgombea wa Labour aliyepata asilimia 26.7 tu! Yaani karibu robo tatu ya waliopiga kura hawakumtaka huyo bwana na bado ndo mbunge wao, kwa sababu Reform na mgombea binafsi walikuwa washamega kile kilichokuwa sahani ya Truss.

Na wewe wa Leicester mfano uko mlangoni kwako. Siku hiyo hiyo Labour inafagia nchi, Leicester South ikachukuliwa na Shockat Adam, mgombea binafsi aliyeibeba Gaza kwenye kampeni, akamwangusha Jonathan Ashworth kwa kura 979. Leicester East nako ikaenda Conservative, jimbo pekee walilowanyang'anya Labour usiku ule mzima, maana wabunge wawili wa zamani wa Labour, Keith Vaz na Claudia Webbe, kila mmoja alisimama kivyake na mgombea rasmi wa chama naye yupo, kura zikatoka vipande vipande. Kwa hiyo mfumo uliompa Starmer majimbo kibao ndo huo huo uliomchapa hapo mjini kwenu, mwambie shemeji.

Waliolia kuliko wote ni Reform. Kura milioni 4.1, viti vitano. Liberal Democrats walikuwa na kura chache kuliko hao, kama milioni 3.5, wakapata viti 72. Hawa mi nawavulia kofia, sehemu yao ya kura zote haikupanda hata asilimia moja kutoka 2019 ila viti vikaruka kutoka 11 mpaka 72, kwa kuwa walielekeza nguvu kwenye majimbo ya kusini ambako Conservative ndo alikuwa wa kuangushwa, kwingine wakaacha tu.

Mume wangu hajapiga kura tangu tumehamia hapa, anasema kwetu Labour watashinda hata wakisimamisha jiwe, sasa apange foleni ya nini. Je ni uvivu? – Mama wa watoto watatu, Manchester

Dada, uvivu sidhani, na wala hayuko peke yake. 2024 waliojitokeza hawakufika asilimia 60, mara ya mwisho kuwa chini hivyo ilikuwa 2001. Huko kwenu, jimbo la Manchester Rusholme, walikuwa kama asilimia 40. Na hii ni nchi ambayo 1950 walijitokeza karibu asilimia 84.

Wenye kusema watu wa sikuhizi wamepoa tu hawajali, mi huwa nawauliza mbona 2014 Scotland kwenye kura ya maoni ya kujitenga walijitokeza asilimia 84.6, na 2016 kwenye ile ya kutoka Umoja wa Ulaya 72.2? Ni watu wale wale, mvua ile ile. Tofauti ni kwamba siku zile kura ya mtu wa Rusholme au Glasgow ilikuwa na uzito sawa na ya mtu yeyote, haikuzama kwenye jimbo ambalo mshindi anajulikana kabla ya karatasi kuchapwa. Ongeza na wapangaji wanaohama kila mwaka, akihama daftari halimfuati, mpaka ajiandikishe tena kwa anwani mpya, na wengi wanakumbuka tarehe ya mwisho ikiwa imepita.

Ila mwambie na hili, ngome siku hizi zinaanguka. Caerphilly kule Wales ilikuwa ya Labour miaka mia na ushee, Oktoba 2025 kwenye uchaguzi mdogo wa bunge la Wales Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, wakaichukua kwa asilimia 47 na Labour wakaambulia 11. Kumi na moja! Kwa hiyo hilo jiwe lake asiwe na uhakika nalo sana.

Na foleni gani anayoogopa? Mi kituo changu ni ukumbi wa kanisa, mara ya mwisho nilikuta mbwa wawili wamefungwa nje wanasubiri wenye nao, ndani wazee wawili na rula yao wanakata majina, penseli imefungwa kamba, dakika tatu nimetoka. Wanafungua saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku.

Mimi ni Mtanzania, nina ruhusa ya kuishi huku lakini sina pasi yao. Naruhusiwa? – Msomaji, Reading

Unaruhusiwa, na wengi hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi huko kihalali anapiga kura zote, hata ya wabunge. Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda mmo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi kwenye uchaguzi wa wabunge hawamo, ila wakiwa Scotland au Wales wanapiga za huko na za madiwani. Jiandikishe kwanza, na ukienda kituoni England beba kitambulisho chenye picha, pasi yako ya Tanzania inakubalika. Kadi ya basi ya wazee nayo inakubalika, kadi ya treni ya vijana haikubaliki, usiniulize kwa nini maana mi mwenyewe nimeshindwa kuelewa.

Kama mfumo ni mbovu hivyo mbona hawaubadilishi? – Msomaji, Luton

Anayeweza kuubadilisha ni yule aliyeshinda nao, hapo jibu umeshalipata. 2011 waliulizwa kama wanataka wapangilie wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, asilimia karibu 68 wakakataa, na waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu. Kichekesho ni kwamba Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hawachagui mabunge yao kwa mtindo wa Westminster, yaani bunge kuu la Uingereza, huko kura na viti vinakaribiana. London wakarudi nyuma, umeya ulikuwa na chaguo la pili, kwenye uchaguzi wa 2024 halikuwepo tena.

Wakifungana je? – Huyo huyo wa Luton

Kwenye ubunge walishakaribia. Runcorn and Helsby, Mei 2025, Reform waliwashinda Labour kwa kura 6 baada ya kuhesabu upya, 12,645 kwa 12,639. Wakifungana kabisa sheria inasema msimamizi apige kura ya bahati nasibu. Mwaka 2017 Northumberland udiwani wa South Blyth ulifungana, Conservative walikuwa wanahitaji kiti hicho hicho kimoja washike halmashauri. Wakachomoa vijiti, Conservative akavuta kifupi, kiti akakikosa.