Kazi ya mhariri msanifu gazetini
Ndugu yangu, umeuliza iwapo mhariri msanifu hufanya lolote zaidi ya kusahihisha tahajia. Hufanya mengi. Habari ikitumwa kutoka huku kwetu Lamu ikitaja "kisiwa cha Mokowe", yeye ndiye anayepaswa kusita, kwa kuwa Mokowe iko bara. Na Lamu yenyewe ni jina la mji, la kisiwa na la kaunti, hivyo ni lazima msomaji aelezwe ni ipi inayokusudiwa. Hupunguza maneno ili habari itoshee nafasi, mara nyingi hutunga kichwa chake, na humpigia mwandishi simu kabla ya kubadili maana. Hili la mwisho naliona zito kuliko yote, maana kosa la mhariri huchapishwa chini ya jina la mwandishi.