Iringa hadi Mbeya kwa baiskeli: kabla hujauliza gia, uliza nani anashika pesa

Vijana wanaotaka kufanya safari kama yetu, ya baiskeli ya kuchangisha pesa, huniuliza kwanza baiskeli gani inafaa. Nitafika huko. Ila sisi kilichotutesa zaidi ni daftari la michango.

Safari ya kwanza tulikuwa sita, tunachangisha pesa za matundu ya vyoo ya shule moja ya msingi huku Mbarali, mkoani Mbeya. Tulihesabu ahadi kama pesa. Mtu akisema kwenye kikao cha harusi, "Niandikieni laki," tunaandika laki. Tulipoingia Mbeya midomo imepasuka kwa upepo, daftari lilikuwa na zaidi ya milioni nne, na simu ya mweka hazina ilikuwa na milioni moja na ushee. Tulianza kupiga simu. Wengine hawakupokea, wengine walitupongeza sana, wakaishia hapo. Nimejifunza kwamba mtu hutoa pesa wakati moto bado unawaka, yaani kabla hamjaondoka na mkiwa njiani. Mkishafika, mchangiaji wenu ameshaingia kamati ya harusi nyingine.

Kwa hiyo safari ya pili hatukutoka Iringa mpaka nusu ya fedha ilikuwa imeingia. Namba ya kupokelea pesa ilikuwa moja tu, ya mama mmoja ambaye haendeshi baiskeli. Simu ya mwendeshaji huishiwa chaji, hulowa, hudondoka. Kila jioni alituma salio kwenye kundi la wachangiaji, na makato ya kutoa ameyaandika wazi. Chakula, malazi na fulana tulijilipia wenyewe. Fulana hasa. Mkizishona kwa pesa za mchango, hata kama ni rahisi, ndizo zitakazosemwa.

Na mjue mnachoomba. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nenda shuleni, hesabu watoto, hesabu matundu, kisha useme "yanakosekana matano". Hilo mtu analiona. "Kuboresha mazingira ya kujifunzia" halimtoi mtu hata elfu mbili. Barua ya mwalimu mkuu na ya mtendaji wa kata zitolee kopi nyingi. Mtaulizwa njiani, na ni haki ya watu kuuliza.

Sasa barabara. Kuna wanaotaka kuanzia Dar es Salaam ili isikike kubwa. Kama ni mara yenu ya kwanza, anzeni Iringa mjini, Kitonga iacheni. Ule mlima una kona kali na njia nyembamba, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda yakinguruma huku mengine yanashuka. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, zinatosha kabisa kumfahamu mtu. Sisi tulizigawa kwa siku nne.

Mtihani wa kwanza unakuja mapema: mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo, asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya nyanda hizi si ya kuchezea. Vaeni glovu, hata zile za sufu za sokoni, na breki mzijaribu siku ya kuamkia safari, siyo pale mlimani. Kutoka hapo hadi Mafinga ni kama kilomita 80, na mkiwa wageni msilazimishe zaidi. Maeneo ya Mafinga mtaanza kuona misitu ya misonobari ya Sao Hill, na malori ya mbao yataongezeka. Fungeni kioo cha pikipiki kwenye usukani. Ukiona kwenye kioo lori linakuja, na mbele kuna basi, toka barabarani. Shuka kabisa, ukanyage majani. Hakuna mchango wa kufia lami.

Makambako ina upepo. Kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukitoka Mafinga unakupiga ubavuni, unayumba kama mlevi wa ulanzi. Lakini ukipinda Makambako kuelekea Igawa unakaa mgongoni, na njia yenyewe inashuka kwenda tambarare ya Usangu. Hiyo ndiyo sababu tunaanzia Iringa. Waliotoka Mbeya waulizeni wenyewe.

Igawa ndipo joto na miiba vinapoanza. Hapo mwenzetu alipata pancha tatu ndani ya saa moja, gurudumu lile lile. Tulikuwa tunaziba tyubu vizuri tu: beseni la maji la mama ntilie, tunatafuta mapovu, tunakwangua kwa msasa, tunapaka solusheni. Pancha ya tatu akaja mzee mmoja fundi baiskeli wa pale, akatuangalia tukihangaika, akasema, "Wanangu, mnaziba jeraha, kisu bado kimo." Akaingiza vidole ndani ya tairi, akapapasa polepole mzunguko mzima, akatoa ncha ya mwiba ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa nje ilikuwa haionekani. Akatufundisha na jingine: solusheni isubiriwe ikauke mpaka isinate kidoleni ndipo kiraka kiwekwe. Sisi tulikuwa tunabandika ikiwa mbichi.

Kuhusu baiskeli yenyewe, chukua ile ambayo fundi wa Chimala ana spea zake. Ya mtumba yenye gia inafaa, mradi tairi ni saizi inayouzwa madukani huku. Beba tyubu mbili, spoku kadhaa, na mzigo uufunge chini kwenye keria. Ukiurundika juu, tairi la mbele linanyanyuka mlimani. Na mlima upo. Baada ya mpunga wa Igurusi mnapanda Inyala hadi Uyole. Sukumeni, hakuna aibu. Wenzangu wawili walikataa kushuka, goti la mmoja lilivimba wiki mbili.

Vyoo vilipokwisha tulirudi shuleni na risiti zote, zikasomwa mbele ya wazazi, moja moja. Bibi mmoja aliyekaa chini ya mti akanyoosha mkono. "Misumari mbona imenunuliwa mara mbili?" Mweka hazina akafungua daftari, akamsogelea, akamwonyesha: hii ya mbao, hii ya bati. Bibi akaushika ukurasa, akautazama kwa muda.

"Haya," akasema. "Soma inayofuata."