Sato wakifa kwa usiku mmoja, weka pochi mfukoni

SWALI: Shikamoo daktari. Nina vizimba vya sato huku Luchelele, Ghuba ya Mwanza. Wiki iliyopita, baada ya siku mbili za mawingu na upepo mkali, tuliamka tukakuta samaki wengi wamekufa, hasa wale wakubwa waliokaribia kuuzwa. Waliobaki walikuwa wakihema juu ya maji. Jioni yake walikula vizuri tu. Muuza pembejeo ananishauri ninunue dawa mbili, moja ya kumwaga kizimbani na nyingine ya kuchanganya na chakula. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na yoyote.

Ikifika Juni hadi Agosti swali hili naletewa mfululizo, na karibu kila mara anayeuliza ameshapita dukani. Wewe walau umeuliza kabla ya kulipa. Samaki wako hawakuugua, walikosa hewa. Ugonjwa wa bakteria huanza kidogo kidogo: leo wanakufa watatu, kesho saba, wanagoma kula, macho yanawatoka, wengine wanaogelea kwa kuzungukazunguka. Sato aliyeshiba jioni hafi alfajiri pamoja na wenzake wote kwa ugonjwa. Na oksijeni ikipungua, wakubwa ndio hutangulia, tena wakiwa na tumbo lililojaa, maana kumeng'enya chakula nako kunataka hewa.

Sehemu kubwa ya mwaka ziwa letu hukaa kwa matabaka, maji ya vuguvugu juu, ya baridi chini, na yale ya chini kabisa kwenye kina kirefu yana oksijeni kidogo sana kwa sababu ya mabaki yanayooza. Msimu huu upepo wa kusini-mashariki unapoza uso wa ziwa, matabaka yanavunjika, maji ya chini yanapanda. Wavuvi wanalijua hilo hata bila vipimo: wanaona sangara, ambaye havumilii kama sato, akielea. Ghubani kwetu ni kina kifupi, kwa hiyo upepo unavuruga hadi tope. Ongeza ule ukijani wa majini, yaani mwani. Mchana unatengeneza oksijeni, usiku unaila. Mawingu ya siku mbili yamepunguza kilichotengenezwa, na ilipofika saa kumi na moja alfajiri hakikubaki kitu.

Sasa hiyo dawa ya kumwaga. Kizimba ni wavu! Maji yanaingia huku na kutokea kule, na Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Chupa yako ya lita moja itakuwa imeshaondoka na mkondo kabla hujarudi ufukweni. Kwa mwenye bwawa la udongo ningekaa tukajadiliana. Kwa mwenye kizimba, anayekuuzia hiyo ama hajui kizimba ni nini, ama anajua vizuri sana.

Fanya hivi. Siku za upepo na mawingu simamisha chakula, na siku nyingine lisha jua likishapanda, si jioni. Sugua nyavu, ukoga unaziba matundu. Punguza idadi ya samaki kwa kizimba, na ukiweza sogeza vizimba penye mkondo na kina zaidi, viachane. Azima au changieni kipima oksijeni na wenzako, mpime alfajiri. Nikiona chini ya miligramu 4 kwa lita silali. Waliokufa wazike nchi kavu, usiwatupe ziwani wakaoze na kula oksijeni iliyobaki.

Kinachonikera zaidi ni ile dawa ya pili. Nimeshaona wafugaji wakifungua vidonge vya rangi mbili vya binadamu, yaani antibayotiki, dawa za kuua bakteria, na kuvichanganya na chakula cha samaki, bila kipimo, bila mtu kuchunguza hata samaki mmoja. Antibayotiki haina oksijeni ndani yake. Inachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa, na chakula kisicholiwa kinaipeleka ziwani, maji yale yale wanayochota majirani. Halafu mfugaji anaogopa hasara, anawavua walio hai siku ya tatu ya dozi na kuwapeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Dawa bado imo kwenye minofu. Ukiona kweli dalili za ugonjwa nilizotaja, peleka samaki anayekaribia kufa, si aliyekwisha oza, akiwa kwenye barafu, kwa afisa uvuvi wako au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza. Dukani utaenda baada ya majibu, ukiwa na karatasi yenye jina la dawa, kipimo chake na siku za kusubiri kabla ya kuvua.