Miaka miwili ya chuo cha afya: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Baada ya salamu, niingie kwenye swali lako. Unataka kujua kama shahada fupi ya sayansi ya afya, ile ya miaka miwili, inamfaa mtu ambaye bado hajajua kama anataka uuguzi, maabara, eksirei au kazi ya ofisini hospitalini. Wenzako wanasema ni kupoteza muda, bora uingie uuguzi moja kwa moja. Wenzako, nikumbushe, nao hawajawahi kulala zamu ya usiku wodini.

Mimi naona inafaa, ila usiichukue kabla hujajua inakupa nini. Kinachomruhusu mtu kumhudumia mgonjwa kama muuguzi au mtaalamu wa mionzi ni leseni, na baraza la taaluma hutazama kwanza kama kozi uliyosoma inatambulika. Zipo kozi za miaka miwili zinazokufikisha kwenye mtihani wa leseni, na zipo zinazokupa msingi tu, kisha unaendelea kwingine. Kwenye matangazo majina yake hufanana mno. Kwa hiyo waandikie chuo uwaulize: mhitimu wenu anaruhusiwa kufanya kazi gani akishapata cheti? Masomo yake yanapokelewa na vyuo gani akitaka kuendelea na shahada ya kwanza? Dai jibu la maandishi, si la simu.

Sasa nije kwenye faida yake, maana hapo nina ya kusema baada ya miaka yangu yote ya maabara. Chukua potasiamu peke yake. Darasani kwenye fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, utaambiwa kwamba figo zikishindwa kazi, potasiamu hujaa kwenye damu, na ikizidi sana mapigo ya moyo huvurugika. Utaandika, utafaulu mtihani. Kisha utapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, usimame karibu na anayechukua damu, na utaona kwamba mirija ina mpangilio wake. Ule wa kifuniko cha zambarau una dawa ya kuzuia damu isigande, na mara nyingi dawa hiyo ni chumvi ya potasiamu. Mtu akiujaza kwanza, au akimimina damu kutoka humo kwenda mrija mwingine kwa sababu haikutosha, majibu yatatoka na potasiamu ya juu ambayo mgonjwa hana. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kuimwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake, na tatizo ni lilelile. Maabara tunatakiwa kulishtukia hilo kabla majibu hayajatoka. Potasiamu ikiwa juu kweli, wodini muuguzi anapigiwa simu, anamtazama mgonjwa, anampima mapigo ya moyo kwa mashine, anamwita daktari. Mwishoni mtu wa kumbukumbu, ambaye huenda hajamwona mgonjwa kabisa, anaugeuza ugonjwa kuwa msimbo wa uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, ule ambao toleo lake la 11 lilianza kutumika mwaka 2022.

Ni mgonjwa mmoja huyo. Uliza moyo wako ungependa kusimama wapi katika safari hiyo. Kuna watu wanapenda sayansi lakini kilio cha ndugu wa mgonjwa kinawamaliza. Hao wako salama maabara. Wengine darubini inawachosha kwa saa moja, ila wakikaa kando ya kitanda cha mzee hawaoni muda ukipita. Hili hulijui kwa kusoma maelezo ya kozi. Ndiyo maana chuo ambacho mafunzo yake kwa vitendo ni ya idara moja tu, au ya wiki chache za mwishoni, kwako wewe hakina maana hata kama majengo yake yanang'aa.

Anatomia itakutesa. Mifupa 206 inakaririka, mishipa ya fahamu inasumbua zaidi. Usiache wiki ipite bila kurudia.

Na ukigundua katikati kwamba damu na harufu ya vidonda huviwezi, usione aibu kuniambia. Ungeligundua hilo mwaka wa nne wa kozi ndefu ingekuwa kazi nyingine.

Jambo moja usilisubirishe: chanjo ya homa ya ini B. Hospitali nyingi hazimpokei mwanafunzi kwa vitendo bila hiyo. Utaratibu wa kawaida kwa mtu mzima ni dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Ukisubiri hadi chuo kianze, wenzako watakwenda wodini wewe ukiwa darasani. Tafuta kwanza kadi yako ya utotoni uone kama ulishapata, na wakikujibu chuo nitumie majibu yao nami niyasome.

Mama yako